Njia ya lami ya kuingilia nyumbani imeanza kupasuka: nipake dawa, nizibe nyufa au niivunje?

Bi_Njiro:

Habari za leo, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa wenye ujuzi wa lami, na hasa wa wale waliowahi kuitunza nyumbani kwao, kwa sababu mengi ninayosoma yanahusu barabara kuu zenye wakandarasi na mitambo mikubwa.

Nyumba yetu ipo Njiro, Arusha. Kutoka getini hadi gereji kuna njia ya lami yenye urefu wa mita 30 na upana wa mita tatu na nusu, ambayo mwenye nyumba wa kwanza aliijenga mwaka 2016. Kwa muda mrefu haikutusumbua, lakini sasa ina kasoro za namna nne. Kwanza, imepauka na kuwa ya kijivu, na tukifagia tunakusanya punje za kokoto zilizobanduka. Pili, upande wa kushoto, kiasi cha futi moja kutoka ukingoni, kuna ufa mrefu unaofuata njia karibu yote, na mahali pengine kidole kidogo kinaingia. Tatu, mbele ya gereji, panaposimama boza linapotuletea maji, kuna eneo la kama mita mbili za mraba lenye nyufa ndogondogo zilizoshikana, na mvua ikinyesha tope jepesi hupanda juu kupitia nyufa hizo. Nne, chini ya jenereta lami imelainika kiasi kwamba kisigino cha kiatu kinazama. Sitaji ndago zilizotoboa lami kando ya ukuta, maana hizo nadhani ni kazi ya jembe.

Ushauri niliopewa hadi sasa unapingana. Ndugu yangu anayeishi Marekani anasema ninunue ndoo za ile dawa nyeusi ya kupaka, nipake kila baada ya miaka miwili, na tatizo litakwisha. Fundi wa mtaani kwetu anataka kumwaga lami mpya yenye unene wa sentimita mbili juu ya hii ya zamani. Jirani anasema nivunje yote, niweke pevingi, yaani vipande vya zege vya kupanga. Ninachotaka kujua ni kipi kitangulie, na kipi kinaweza kukamilika kabla ya masika kuanza mwezi Machi.

Fundi_Sanifu_Dom:

Bi Njiro, asante kwa kueleza kwa kina. Wengi huandika tu kwamba lami imeharibika, wakatuachia sisi kubashiri. Mimi ni fundi sanifu wa barabara, nipo Dodoma, na ningependa kuanza na jambo ambalo hukulitaja: maji ya paa lenu yanaangukia wapi, na bustani ya upande wa kushoto ipo juu au chini ya lami?

Ninauliza hivyo kwa sababu njia ya nyumbani huwa na lami ya sentimita nne au tano tu, na uzito wa gari haubebwi na hizo sentimita tano. Unabebwa na tabaka la kokoto na moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa chini yake, na mwisho kabisa na udongo wa asili. Tabaka hilo likiwa kavu linaweza kudumu miaka mingi bila wewe kulikumbuka. Likilowa na kubaki limelowa, linapoteza nguvu, lami inanepa kila tairi linapopita, na baada ya muda inachanika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utunzaji wa lami hufanyika nje ya lami, yaani kwenye mabomba ya paa, mitaro na kingo, na fedha inayotangulia kutumika kwenye rangi ya juu kabla ya hapo ni fedha iliyopotea.

Sasa nije kwenye kasoro zako. Kupauka ni jambo la kawaida. Bitumini inayogandisha kokoto hukutana na hewa na jua, ikakauka na kuwa ngumu, na kwa jua la Arusha, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,300, usitarajie lami ya mwaka 2016 ibaki nyeusi. Rangi ya kijivu peke yake isikutoe jasho. Punje zinapoanza kubanduka ndipo uso wa lami unapohitaji kufunikwa, lakini hilo ni jambo la mwisho katika orodha yako, si la kwanza.

Ufa mrefu sambamba na ukingo una sababu mbili zinazojirudia. Ama ukingo haukushikiliwa na kitu chochote, hivyo tairi likikanyaga pembeni lami inasukumwa kwenda nje, ama udongo wa chini ni ule mweusi wa mbuga unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Pembeni ndipo unapolowa na kukauka zaidi kuliko katikati, na kwa hiyo pembeni ndipo lami inapovutwa hadi ikapasuka. Mti mkubwa ukiwa jirani huzidisha hali hiyo kwa kunyonya maji upande mmoja. Ufa wa aina hii huzibwa, na ukingo hujengwa, na njia huendelea kutumika.

Eneo la mbele ya gereji ni habari nyingine. Nyufa zilizoshikana namna hiyo sisi huziita ngozi ya mamba, na tope linalopanda juu ni ushahidi kwamba msingi wa chini umelowa na unasukumwa na magurudumu. Hapo hakuna dawa ya kupaka wala ya kuziba itakayosaidia. Eneo lote linakatwa kwa mraba, kuvuka mipaka ya nyufa kwa sentimita 20 au 30 hadi ufike kwenye lami nzima, moramu iliyooza inaondolewa, msingi mpya unashindiliwa kwa tabaka, kisha lami inarudishwa.

Kuhusu boza, tufanye hesabu kidogo. Lita 10,000 za maji ni tani 10 kabla hujahesabu gari lenyewe. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hauongezeki sambamba na uzito: ekseli (mhimili wa magurudumu) ikibeba mzigo mara mbili, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Gari lako dogo linaweza kuingia na kutoka kila siku kwa miaka mingi bila kufanya kazi ambayo boza moja lililojaa hufanya asubuhi moja, na hasa linapogeuza usukani likiwa limesimama.

Fundi wako wa sentimita mbili mshukuru, umuage. Tabaka jembamba hivyo hupoa kabla halijashindiliwa vizuri, na nyufa za chini hujitokeza juu yake baada ya muda mfupi. Kanuni tunayoitumia ni kwamba unene usipungue mara tatu ya ukubwa wa kokoto kubwa kuliko zote katika mchanganyiko. Kwa kokoto za milimita 14 unahitaji zaidi ya sentimita nne. Isitoshe, ukiinua njia bila kuinua sakafu ya gereji, maji yataingia ndani.

Mzee_Kitengela:

Dada, pole kwa usumbufu. Mimi nipo Kitengela, Kenya, ambako udongo mweusi tunaujua vizuri, na ninaunga mkono jirani yako. Nilikuwa na njia ya lami fupi kuliko yako, nikaiziba mara kwa mara, na hatimaye niliiondoa nikaweka kabro, ambazo ndizo hizo pevingi zenu. Sasa kitu kikizama, vijana wawili wanainua vipande vile vile, wanaongeza vumbi la kokoto chini, wanavirudisha, na jioni kazi imekwisha. Lami haikupi nafasi hiyo. Kila kiraka huonekana, na kila kiraka kina ukingo wa kupitisha maji.

Ndago nazo usizidharau wala usidhani ni kazi ya jembe. Ukizing'oa, vile viazi vyake vidogo hubaki ardhini na kuchipua upya, na chipukizi lake lina ncha kali inayopenya hata lami nzima. Mimi nilifaulu nilipoacha zikatoa majani ya kutosha, nikapulizia kiua magugu chenye glaifosati siku isiyo na mvua, nikasubiri zikauke zenyewe. Dawa hushuka kupitia majani hadi kwenye viazi. Ukiyakata majani mapema umekata njia ya dawa. Ilibidi nirudie, kwa sababu viazi vingine hulala na kuchipua baadaye.

Fundi_Sanifu_Dom:

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu ndago umesema kweli tupu, na ningeongeza tu kwamba kazi hiyo itangulie kuziba nyufa, kwa sababu ukifunika ndago hai kwa lami mpya umezipa tu kiraka cha kutoboa.

Kuhusu kabro nina shaka kidogo. Si kwamba ni mbaya; kwa mtu anayeanza kiwanja kipya penye udongo mweusi huenda nami ningezichagua. Lakini dada yetu ana mita za mraba 105, na zilizooza ni mbili au tatu. Kama msingi wa mbele ya gereji umelowa, kabro zitazama pale pale, na atakuwa amelipia kuvunja mita za mraba 100 nzima ili kurithi tatizo lile lile la mita mbili.

Bi_Njiro:

Mmenifungua macho. Nilipotoka kuangalia, nilikuta bomba la maji ya paa linaishia hatua moja tu kutoka eneo lenye nyufa za ngozi ya mamba, na halina mtaro. Maji yanamwagika moja kwa moja pembeni mwa lami. Bustani ya kushoto nayo imeinuliwa kwa kimo cha kama kiganja juu ya lami, na tunaimwagilia kila jioni. Sikuwahi kuhusisha mambo hayo na nyufa.

Je, ile dawa ya ndoo niisahau kabisa? Ndugu yangu anasisitiza kwamba kule aliko kila nyumba huipaka.

Mpwani_Ohio:

Salaam kwenu nyote. Mimi nipo Columbus, Ohio, na huenda ninaishi mtaa unaofanana na wa huyo ndugu, kwa hiyo nimtetee kidogo kabla ya kumpinga. Huku njia nyingi za nyumbani ni za lami, na adui yetu mkubwa ni barafu. Maji huingia kwenye ufa, usiku huganda, na yanapoganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, yakaupanua ufa; mchana yanayeyuka, yanashuka chini zaidi, na usiku unaofuata kazi inaendelea. Ndiyo maana kila vuli inapokaribia utaona watu na fagio zao za kupakia dawa.

Hata hivyo, hata huku dawa hiyo inaaminiwa kupita uwezo wake. Ni ngozi nyembamba ya juu inayopunguza jua, maji na matone ya mafuta. Haiongezi nguvu hata kidogo, na haizibi ufa unaozidi milimita tatu hivi. Nyufa huzibwa kwanza, mafuta huoshwa kwanza, na lami mpya huachwa miezi sita hadi mwaka kabla ya kupakwa. Anayepaka mara kwa mara bila sababu huishia kuwa na tabaka nene linalobanduka kwa magamba, na nimeona majirani waliofika hapo. Kila miaka mitatu au minne inatosha, na tena pale tu uso unapoonekana kuuhitaji.

Kama kuna mtu atakutumia ndoo kutoka huku, jambo moja la kuzingatia ni aina. Zipo za bitumini ya mafuta ya petroli, na zipo zilizotengenezwa kwa lami itokanayo na makaa ya mawe, ambayo ina kiasi kikubwa cha kemikali zinazohusishwa na saratani na ambayo husombwa na mvua hadi mitoni. Jiji la Austin, Texas, liliipiga marufuku mwaka 2006, jimbo la Washington likafuata mwaka 2011, na Minnesota marufuku yake ilianza kutumika mwaka 2014. Lakini kwa kweli sioni sababu ya kusafirisha ndoo baharini. Ndoo ya galoni tano, yaani lita 19 hivi, hutosha mita za mraba 30 hadi 45 ukipaka mara moja, kwa hiyo kwa mita zako 105 ungehitaji kama tatu, na gharama ya usafiri ingezidi bei ya dawa.

Na huyo fundi wa sentimita mbili amenikumbusha watu wanaogonga milango huku wakidai wamebakiwa na lami kutoka kazi ya mtaa wa pili, na kwamba watakufanyia kwa bei ya kutupa ukilipa taslimu leo. Wakiondoka hubaki tabaka jembamba ambalo halimalizi mwaka.

Fundi_Sanifu_Dom:

Ndugu wa Ohio amenipunguzia kazi. Badala ya ndoo hizo, hapa nyumbani tunayo lami ya maji, ambayo ni bitumini iliyochanganywa na maji kiwandani ili itumike bila kuchemshwa. Ukiichanganya na vumbi la kokoto lililochekechwa hadi ukapata uji mzito, ukautandaza kwa ubao au fagio la mpira kwa unene wa milimita chache, umefunika uso uliopauka na nyufa nyembamba kwa pamoja. Kwa hali yako ningeisubirisha hadi kiangazi cha Juni, baada ya kuona masika yamefanya nini.

Kabla ya Machi ningeshughulikia haya. Bomba la paa lielekezwe kwenye mtaro wa zege au bomba la kufukia linalotoa maji nje kabisa ya njia. Hiyo ni kazi ya siku moja na ndiyo yenye faida kuliko zote. Bustani ishushwe hadi iwe chini ya lami kwa sentimita tano hivi, au uchimbwe mfereji kati yake na njia. Baada ya hapo ukingo wa kushoto ujengwe kwa mawe au zege, kisha likatwe na kujazwa eneo la mbele ya gereji, na hapo hapo mafundi wakate na sehemu ya jenereta. Dizeli huyeyusha bitumini, kwa hiyo lami iliyokwisha kulainika haigeuki kuwa ngumu tena hata ukiiosha kwa sabuni. Jenereta ihamishiwe kwenye kitako cha zege. Matone mapya ya mafuta ya gari yanyonywe mara moja kwa mchanga au maranda ya mbao, ndipo yaoshwe.

Ufa mrefu uzibwe siku kavu. Usafishwe kwa brashi ya waya hadi vumbi na mizizi vitoke, ukiwa wa kina kirefu ujazwe mchanga mkavu hadi zibaki kama sentimita mbili, kisha imiminwe bitumini ya moto hadi karibu na uso, bila kufurika, na kunyunyiziwa vumbi la kokoto ili matairi yasiing'oe.

Bi_Njiro:

Nimepata mafundi wengine, na wao wanataka kuchemsha lami kwenye pipa kwa kuni hapa hapa uani, wachanganye na kokoto kwa koleo. Je, hiyo ni njia inayokubalika, na nitajuaje kwamba kazi imefanyika sawasawa wakati mimi si mtaalamu?

Fundi_Sanifu_Dom:

Inakubalika kwa viraka vidogo, ingawa kama kuna mtambo wa lami karibu unaokubali kuuza kiasi kidogo, huo ni bora zaidi, mradi gari lifunikwe turubai na mchanganyiko ufike ungali moto. Mchanganyiko hutoka mtamboni ukiwa na nyuzijoto 150 au zaidi, na ukishuka chini ya 80 hivi hata rola nzito haiushindilii tena.

Wakitumia pipa, kuna mambo unayoweza kuyaona kwa macho yako. Kokoto ziwe kavu na safi, kwa sababu bitumini haishiki kwenye vumbi wala unyevu. Lami isitoe moshi wa buluu. Huo ni dalili kwamba imeungua na itakuwa ngumu na ya kupasuka. Pipa lisiwe na maji hata kidogo ndani, maana maji yakikutana na bitumini ya moto hugeuka mvuke ghafla, lami ikafura na kumwagika juu ya moto na juu ya watu. Asiruhusiwe mtu kuongeza petroli ili kuilainisha karibu na kuni. Watoto wawe ndani. Akiungua mtu, sehemu iliyoungua imwagiwe maji ya baridi kwa muda mrefu na apelekwe hospitali lami ikiwa bado imeganda. Msiibandue, kwa sababu itatoka na ngozi.

Kuta za shimo ziwe wima, zisiwe za mteremko. Shimo lifagiliwe na kupakwa lami ya maji chini na kwenye kuta, na hapa kuna kipimo rahisi: ikipakwa huwa ya kahawia, na maji yakishatoka hugeuka nyeusi. Mafundi wenye haraka humwaga mchanganyiko ingali kahawia, na kiraka hicho hakitashika. Mchanganyiko uingie kwa tabaka zisizozidi sentimita tano, kila moja ishindiliwe kwa kompakta (mashine ya kushindilia) kuanzia pembeni kuelekea katikati, na mwisho kiraka kibaki juu ya lami ya zamani kwa milimita chache tu. Magari madogo yasubiri siku mbili au tatu. Sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako hadi umwage maji ya mpira juu ya kazi nzima na kuona hayatuami popote. Njia iwe na mwinamo wa kama sentimita mbili kwa kila mita ya upana.

Na miguu ya pikipiki za wageni iwekewe kipande cha ubao wakati wa jua kali, hasa juu ya lami mpya, la sivyo utapata matundu madogo yanayokusanya maji.

Mzee_Kitengela:

Limebaki boza, ambalo naona sote tumelilaumu bila kumpa dada njia ya kuliepuka. Maboza mengi yana pampu yake. Fukia bomba la inchi mbili kutoka getini hadi kwenye matangi, nje ya lami, upande wa kulia usio na ufa, ukiweka koki na kiungio cha mpira hapo getini ili dereva aunganishe akiwa barabarani. Muulize kwanza anayekuletea maji pampu yake inasukuma hadi umbali gani na kimo gani, kwa sababu kama matangi yako yapo juu ya mnara, mita 30 za bomba pamoja na kimo hicho zinaweza kuishinda, na hapo itakubidi uwe na tangi la chini karibu na geti na pampu yako mwenyewe.